Beseni la Darasa la Sita

Tulimzika Mama Akinyi Agosti iliyopita, nyumbani kwake karibu na ziwa, mbele ya Ahero, na mimi nilifika nimechelewa kwa sababu siku hizi sikimbizani na mtu. Nilikuwa na fimbo yangu, kofia pana kichwani na kitambaa chenye maji shingoni. Mwongozaji wa shughuli akaninong'oneza kwamba nina dakika mbili tu, maana orodha ya wasemaji ilikuwa ndefu na wanasiasa walikuwa bado hawajafika. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Huyu mama alinifukiza mpaka nikapofuka, na mpaka leo namshukuru." Watu wakaangua kicheko, wengine machozi hayajakauka mashavuni, na binti yake, Akinyi, akapiga kofi moja kisha akajishika mdomo. Nilitaka kuendelea lakini mwongozaji alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Nilirudi kitini nimejikasirikia. Mtu amekulisha mwaka mzima, amekuosha kama mtoto mchanga, halafu unamuaga kwa kichekesho. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo dakika mbili hazikutosha kuyasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, na nilikuwa nimepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Nyamasaria. Mama Akinyi alikuwa mjane, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, na katika nyumba yake pale Migosi alinipa chumba cha nyuma. Yeye Mjaluo, mimi Mmaragoli, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Chake kilikuwa cha mbio, kimebeba Kijaluo mgongoni. Changu kilikuwa kimenyooka hadi akawa ananicheka kwamba naongea kama redio. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha dogo lililotazama tangi la maji la jirani, na ukuta wa mbao nyembamba kati yangu na sebule. Kila lililosemwa sebuleni nililisikia, nitake nisitake. Jioni tulikula pamoja, ugali na omena ya nyanya, au samaki siku biashara ilipokwenda vizuri, na kichwa cha samaki alikuwa ananiwekea mimi. Alisema mwalimu lazima alishwe ubongo. Yeye alikula mkia na kusisitiza kwamba ndiyo sehemu anayoipenda, jambo ambalo niliamini kwa sababu nilikuwa mjinga wa raha zangu.

Maradhi yalianza na jicho la kulia. Niliamka siku moja nikaona dunia kama naiangalia kupitia mfuko wa nailoni, na nikizungusha jicho linauma kwa ndani. Baada ya wiki tatu likasafika lenyewe, nikasahau. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Nilitembea kutoka stendi hadi getini kwa shule na kiatu kimoja, na mwanamke wa kuuza mandazi ndiye aliyeniambia kingine nimekiacha nyuma. Kiuno kikawa kinabana kama nimefungwa mshipi na mtu mwenye hasira. Nikiinamisha kichwa kusahihisha madaftari, umeme unanipita mgongoni hadi visiginoni. Na uchovu, jamani. Si ule wa kufanya kazi ukalala ukaamka mzima. Huu nilikuwa naamka nao. Nilikwenda kupimwa, wakaona malaria. Nikameza dawa, sikupona, wakaona taifodi. Nikameza tena, wakaona brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi. Kisumu ukienda kupimwa hukosi kitu. Siwalaumu hata kidogo, maana mbu wapo, maji machafu yapo, na mtu hatafuti kile ambacho hajawahi kukiona. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu nina malaria sugu, tena kwa uhakika.

Mama Akinyi hakuamini habari za malaria. Jioni moja dada yake alikuja kumtembelea, na mimi nikiwa nimelala upande wa pili wa mbao nikawasikia wakinijadili. Walianza kwa Kijaluo, kisha mume wa dada akaingia, ambaye ni mtu wa Busia, wakageukia Kiswahili, nami nikayapata yote. Msichana amekonda, anatembea kama kuku aliyefungwa kamba, dawa zimekataa. Dada mtu akasema hiyo ni chira. Chira, kwa asiyejua, ni ule ugonjwa wa kumaliza mtu polepole ambao Wajaluo husema humpata aliyevunja mwiko, au ambaye mwiko umevunjwa juu yake. Nilibaki nimekodolea dari macho. Ningevunja mwiko wa Wajaluo kwa njia gani na sikuujua hata mmoja? Lakini Mama Akinyi hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Asubuhi iliyofuata, akinimiminia uji, akaniuliza kama nina mdogo wa kike. Nikasema ninaye. Ameolewa? Nikasema ameolewa, mwaka jana. Kabla yako? Kabla yangu, ndiyo. Akaweka kijiko chini na kunitazama kwa huruma nyingi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: mdogo alikuwa ameniruka, na huo ni mwiko. Nilicheka mpaka uji ukanipalia, lakini nilipokuwa njiani kwenda shuleni sikucheka. Mtu akiwa mgonjwa bila jina la ugonjwa wake, anaweza kuamini lolote.

Shuleni kulikuwa na kesi nyingine, na hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Asubuhi nilikuwa mzima. Nilisimama, niliandika ubaoni mstari ulionyooka, nilizunguka kati ya madawati nikichungulia kazi za watoto. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa mtu mwingine. Nilishika ukuta, niligonga kona za meza, ulimi ulikuwa mzito, na jicho la kulia lilirudia ukungu wake. Mwalimu mkuu, Mwalimu Odera, alikuwa mtu wa kanisa, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe, na alikuwa ameshuhudia walimu wawili wazuri wakiharibikiwa na pombe ya chang'aa. Aliona msichana mzima wa asubuhi anayepepesuka saa nane, akajumlisha mbili na mbili. Nilimsikia katika chumba cha walimu akimwambia naibu wake kwamba yule wa chuo kuna kitu anaonja saa saba. Siku mbili baadaye akaniita ofisini. Hakupiga kelele, na nafikiri ningependelea apige. Alisema ameandika barua kwenda chuoni, imo kwenye droo yake, na kwamba msimamizi atakuja baada ya wiki tatu kunipa tathmini ya mwisho, kipindi cha mchana. Nikionekana katika hali ile mbele ya msimamizi, barua inaondoka naye. Chuo kisingemvumilia mwanafunzi mlevi hata kwa siku moja. Hakuna cheti, hakuna kazi, na jina langu lingekuwa limechafuka kuanzia Kisumu hadi kwetu. Nilimwambia sijawahi kuonja pombe maishani. Akanijibu kwa upole kwamba wote husema hivyo.

Niliporudi Migosi nililia mbele ya Mama Akinyi bila aibu. Yeye akaamua kwamba muda wa kungoja umekwisha. Jumamosi asubuhi akachemsha sufuria kubwa ya majani, mwarobaini na ya mlimau nayafahamu, mengine hakutaka kuniambia, akaniketisha kwenye kigoda, akaweka sufuria katikati ya miguu yangu na kunifunika blanketi mbili. Aliniambia nivute pumzi, nisitoke mpaka aseme. Nilivuta. Jasho likatiririka. Dakika chache zilipopita nikaona weusi wa blanketi umebadilika, umekuwa mzito, na nilipofunua kidogo kutafuta mwanga, mwanga haukuwepo. Nilifungua macho yote mawili kwa nguvu nisione kitu. Nikajaribu kusimama, miguu haikuwepo. Nilianguka ubavu na sufuria ikamwagika upande wa pili, Mungu alinihurumia. Nikasema, "Mama, sioni." Kwanza akafurahi, akadhani kitu kimetoka. Kisha akaona macho yangu yanavyotangatanga, akaanza kuomba kwa lugha zote alizokuwa nazo. Alimwita jirani, wakanikokota hadi bafuni na nguo zangu, wakanilaza kwenye saruji na kunimwagia maji ya mfereji, ndoo baada ya ndoo, yeye akilia na kusema ameua mtoto wa wenyewe.

Sijui ilichukua muda gani, pengine nusu saa. Kwanza niliona bomba. Kisha rangi ya leso yake, kisha uso wake, umevimba kwa kilio. Vidole vya miguu vikacheza. Nikasimama kwa kushika ukuta, nikatembea hadi sebuleni, tena nikitembea vizuri kuliko nilivyotembea mwezi mzima. Jirani alikuwa anasema haleluya. Mama Akinyi hakusema haleluya. Alikaa kwenye kiti akinitazama, akatazama sufuria, akatazama ndoo, na mwanamke huyo ambaye hakumaliza darasa la nne akasema neno ambalo maabara zote za mji zilikuwa hazijalisema.

"Nyathina, hii si chira. Chira haiogopi maji."

Nyathina ni mwanangu. Sikulala mchana ule. Nilitoa daftari langu la maandalio ya masomo nikaanza kuandika nyuma yake: saa ngapi nilikuwa mzima, saa ngapi nilizidiwa, nilikuwa wapi, jua lilikuwaje. Darasani mchana, chini ya mabati. Jikoni, karibu na moto wa omena. Kanisani, tulipojazana. Siku ile ya mvua kubwa nilifundisha mpaka saa kumi sikuyumba, na nilikuwa nimesahau. Haikuwa chakula cha mchana kilichonimaliza, ilikuwa joto. Jumatatu, saa saba, nikaingia choo cha walimu na ndoo, nikaloweka miguu na kujifunga kitambaa chenye maji shingoni, nikafundisha nusu saa nimenyooka. Nusu ya pili nikayumba, lakini nusu ya kwanza ilikuwa yangu. Nilihisi kama mwizi aliyepata ufunguo.

Wiki hiyo hiyo daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa amekuja kutoka Nairobi, kama alivyokuja mara moja kwa mwezi, na Mama Akinyi alinipeleka mwenyewe, amevaa nguo ya kanisani. Daktari alianza kuandika huku nikieleza, hanitazami, mpaka nilipofika kwenye sufuria. Akaweka kalamu chini. "Hebu rudia hapo kwenye mvuke," akasema. Nikarudia, nikampa na daftari. Alisoma kurasa zangu zote mbili, kisha akatwambia kwamba zamani, kabla ya mashine za picha, madaktari wa Ulaya walikuwa wanawatia wagonjwa kwenye maji ya moto makusudi ili waone jambo hilo hilo, na kwamba tusilirudie tena nyumbani, asante. Mama Akinyi akainamisha kichwa, lakini niliona anatabasamu. Daktari akataja ugonjwa: multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, kila waya una ganda lake, na askari wa mwili wangu, wale wa kupigana na vijidudu, wamechanganyikiwa na wanatafuna ganda hilo. Habari zinazotoka kichwani kwenda miguuni zinapita kwa shida, na joto linazidisha shida. Picha ya Nairobi ndiyo ingethibitisha, na baadaye ilithibitisha, madoa meupe yametapakaa kichwani. Mama Akinyi aliuliza maswali mawili tu. Unaambukiza? Hapana. Kuna kitu alifanya? Hapana, mama, hakuna mtu aliyefanya kitu. Hapo ndipo mama huyo alipolia kwa mara ya pili, na mimi nikalia naye, tena kwa furaha, ingawa daktari alikuwa ametoka kuniambia kwamba ugonjwa huo hauna tiba ya kuumaliza, kwamba utakuja na kuondoka, na kila ukiondoka unaweza kuchukua kitu.

Leo vijana hunijia nyumbani wakiwa na karatasi zao mkononi, wamepimwa brusela mara tatu, wameombewa, wamefukizwa. Huwaambia kwamba jina la ugonjwa si hukumu. Kabla ya jina nilikuwa mlevi, nilikuwa mwenye chira, nilikuwa mvivu. Baada ya jina nikawa mgonjwa, na kuwa mgonjwa ni cheo kikubwa ukilinganisha na hivyo vingine. Huwaambia pia ukweli kwamba nimepoteza jicho la kulia kwa kiasi kikubwa, kwamba kibofu hakinisikilizi kama zamani, kwamba kuna asubuhi ambazo kufunga vifungo vya blauzi ni kazi ya siku. Sindano zimekuja ambazo wakati ule hazikuwepo, nazo zimenisaidia. Lakini naringa, acha niringe. Niliujua ugonjwa wangu kwa daftari la shule na sufuria ya majani, kabla sijajua hata jinsi ya kutamka jina lake.

Daktari aliniandikia barua. Mwalimu Odera aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema karatasi ni karatasi, msimamizi ataona kwa macho yake. Nikamuomba ruhusa ya kuingia darasani na beseni la maji. Akanitazama kama niliyemuomba kuingia na ng'ombe. Mwishowe akasema, "Ingia na unachotaka, mwalimu. Kipindi ni chako." Sijui kama alikuwa ananionea huruma au ananipa kamba ya kujinyongea.

Msimamizi aliitwa Madam Nafula, mwanamke mrefu aliyejulikana chuo kizima kwa kuwaliza wanafunzi. Alifika saa nane kasoro, akaketi nyuma ya darasa la sita, fomu yake pajani. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto, hayakuwa na dari, na watoto wenyewe walikuwa wanameremeta jasho. Somo la Jamii siku hiyo kwa mujibu wa ratiba lilikuwa mafuriko ya nyanda za Kano. Niliburuta beseni hadi mbele ya ubao, nikavua viatu, nikaingia na miguu yote miwili. Darasa likalipuka kwa kicheko. Nikawaacha wacheke, kisha nikawauliza: nyumbani kwenu maji yakifika hapa, nikaonyesha kifundo cha mguu, mnafanya nini? Mikono ikajaa hewani. Tunapandisha unga juu ya kabati. Na yakifika hapa? Tunatoa mbuzi. Na hapa? Tunahamia shuleni, mwalimu, tunalala kwenye darasa hili hili. Nikachora mto ubaoni nyuma yangu bila kutoka majini. Msichana mmoja wa kwao Ahero akasimama akaeleza jinsi mama yake anavyojua mafuriko yanakuja kwa kuangalia siafu wakihama, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Dakika thelathini na tano. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na jicho moja na nusu, na nilikuwa na sauti. Kengele ilipolia nilijua, kabla ya mtu kuniambia, kwamba mimi ni mwalimu.

Tuliketi ofisini watatu. Madam Nafula akasoma kutoka kwenye fomu: sauti nzuri, mpangilio mzuri, na upande wa zana za kufundishia alama ya juu kabisa, kwa sababu katika miaka yake yote hakuwahi kuona mwanafunzi akitumia beseni la maji na mwili wake mwenyewe kufundisha mafuriko. Akasema angependa kulieleza jambo hilo chuoni kama mfano. Mwalimu Odera alikuwa anaangalia kucha zake. Nilielewa kwamba nikinyamaza na yeye atanyamaza, na droo itabaki imefungwa. Ilikuwa rahisi mno. Ningetoka pale na cheti changu. Lakini nilifikiria mwaka ujao, nilifikiria mwaka utakaofuata, shule nyingine, mwalimu mkuu mwingine, na mimi nikishika ukuta saa nane nikitafuta uongo mwingine. Nilikuwa nimechoka kuwa siri.

"Madam, beseni halikuwa zana," nikasema. "Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na joto linaniangusha. Bila yale maji ungenikuta sakafuni. Mafuriko niliyaongeza kwa sababu miguu ilikuwa imeshalowa."

Akamgeukia Mwalimu Odera, akamuuliza kama alijua. Mwalimu Odera akatoa barua ya daktari, kisha, na kwa hili nimemheshimu maisha yangu yote, akatoa na ile nyingine, akamkabidhi zote mbili na kusema, "Nilidhani anakunywa. Nilikosea." Madam Nafula akazisoma bila haraka. Akaniuliza kama ugonjwa utaisha. Nikasema hapana. Akaniuliza nikipewa darasa langu mwenyewe nitafanyaje. Nikamwambia hisabati nitafundisha asubuhi, mchana nitafundisha miguu ikiwa majini, na siku nikishindwa nitasema nimeshindwa. Akachukua kalamu akaishusha kwenye fomu, nami nikajua anakwenda kukata ile alama.

Hakuikata. Chini kabisa, mahali pa mapendekezo, aliandika maneno manne, akaigeuza fomu nisome mwenyewe: Apewe darasa lenye dari.

Darasa lenye dari nililipata mwaka wa tano wa kazi, baada ya barua nyingi, na nimestaafu mwaka jana kwa hiari yangu, siku niliyoichagua mimi. Katika miaka hiyo nimeanguka bafuni. Nimeanguka kanisani wakati wa sadaka. Nimeanguka sokoni juu ya nyanya za watu, nikazilipia. Darasani, mbele ya watoto, sijaanguka hata siku moja.